Mwalimu Aliyetufunga Mikono

Kabla ya kumjua kwa jambo lingine lolote, tulimjua kwa daftari. Lilikuwa daftari la shule, jalada la bluu, na ndani hakuandika neno. Alilishika mbele ya mdomo kila alipotaka kusema na mtoto, kama mtu anayeficha pengo. Siku ya kwanza aliponifanyia hivyo kwenye baraza la duka langu hapa Nyamongo, nilidhani ananidharau. Mimi si mtu wa kuongeleshwa nyuma ya daftari.

Nikamwambia, "Mama, toa hicho kitu tuongee kama watu."

Akakishusha, akacheka. "Samahani, mzee. Nimezoea. Mtoto akiniona mdomo, anausoma mdomo. Mimi nataka asikie."

Asikie! Bhoke, binti yangu, alikuwa na miaka mitatu, na hajawahi kugeuza shingo kwa sauti yoyote ya dunia hii. Siku mkanda wa karasha, mashine yangu ya kusaga mawe ya dhahabu, ulipokatika, watu wazima wakalala chini wakidhani ni baruti, yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja anachezea kokoto. Halafu anakuja mwanamke mwenye daftari ananiambia mtoto huyu atasikia.

Jina lake ninalo, ila silitaji. Hapa kwetu tulimwita Mwalimu, na aliyetaka kumtofautisha na walimu wa shule ya msingi alisema Mwalimu wa Sauti. Alikotoka sikuuliza. Kama alikuwa na mume, mume huyo hakuwahi kukanyaga Nyamongo. Alipanga chumba kwangu, kwenye ile nyumba ya nyuma yenye vyumba sita niliyoijenga kwa mikono yangu kabla sijawa na pesa ya kumlipa fundi, akakaa miaka mitano. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikusimuliwa.

Alikuwa mwoga wa ng'ombe. Jambo hilo tulilicheka sana, maana huku kwetu mtoto wa miaka minne anapita katikati ya kundi akiwa na fimbo fupi kuliko mkono. Yeye akiona ng'ombe mmoja, tena mzee, tena amefungwa, anazunguka nyuma ya nyumba. Lakini mwanamke huyo huyo, mvua ya masika ilipobomoa kalavati la kwenda Kewanja, alivua viatu akavuka maji ya kiunoni akiwa ameshika sanduku lake la vifaa juu ya kichwa, kwa sababu kulikuwa na mtoto upande wa pili ambaye betri za kifaa chake cha kusikia zilikuwa zimekwisha. Vijana wa bodaboda walisimama ng'ambo wanapiga miluzi.

"Mwalimu, rudi! Utaliwa na mamba!"

"Mamba ana masikio yake, hanihitaji!" akawajibu.

Alifundisha watoto kusikia, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuimba. Kanisani, ukisimama karibu naye, wimbo unapotea. Mke wangu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya, alikuwa anahama benchi. Mwalimu alijua. Alisema sauti mbaya ni dawa, mtoto akizoea ya kwake hakuna sauti itakayomshinda.

Nyama alikula kama Mkurya wa kuzaliwa. Alikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka wapangaji wenzake wakawa wanamwigiza kisimani. La kwanza: "Sikio linalishwa." La pili: "Sema tena." La tatu, ambalo leo likinijia nasikia kama mtu amenikanyaga: "Mikono chini."

Nitalifikia hilo la tatu.

Kwanza nieleze kwa nini nilimwamini, maana watu wananiuliza, na mimi sijulikani kama mtu wa kuamini ovyo. Niliishia darasa la nne. Nalisema bila kuinamisha kichwa. Nilishuka shimoni kwa kamba nikiwa kijana sijaota ndevu, nikabeba mawe ya watu, nikasagia kwenye kinu cha mtu, leo nina karasha tatu na duka la vifaa vya ujenzi, na waliomaliza vyuo wanakuja kuniomba kazi na bahasha mkononi. Jambo moja nimewazidi wachimbaji wote wa hapa: sikio. Karasha inaposaga mawe, yale mapipa ya chuma yanazunguka na mipira yake ndani, mlio unabadilika kadiri mawe yanavyolainika. Wengine wanafungua, wanashika unga, wanafunga tena. Mimi nasimama mlangoni, nasema bado, au nasema tayari. Sijakosea.

Sasa siku moja Mwalimu alikuwa amesimama na mimi pale, nikasema "tayari," kijana akafungua, ikawa tayari. Mwalimu akausugua ule unga kwa vidole. Akasema, "Baba Bhoke, unajua kuna watu wanasoma miaka mingi wapate hilo unalolifanya? Wewe ungekuwa mwalimu wa sauti mzuri kuliko mimi."

Watu wamenisifia pesa, gari na vigae vya nyumba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina elimu. Tangu siku ile angeniambia niuze karasha moja ningeuza.

Na hakuwa mtu wa kujipendekeza, hilo niseme. Alishawahi kunizimia mashine zote tatu saa sita mchana, wateja wamepanga foleni na mawe yao. Alikuja na kijana aliyeshika kidude cha kupima kelele, wa mradi uliomleta kwetu, ule wa watoto viziwi, wakapima kitandani kwa Bhoke, kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye swichi kubwa akaikata.

"Nani amezima?" nikauliza.

"Mimi. Mtoto wako tutamwekea masikio ili asikilize nini? Karasha?"

"Hiyo karasha ndiyo inamlisha!"

"Basi ihame, au mtoto ahame."

Ilihama karasha. Nilijenga banda jipya ng'ambo ya barabara, na watu wakasema huyu mwanamke amemroga.

Mradi wenyewe ulikuwa wa watu wa kila aina. Kulikuwa na daktari wa kupasua, wa hospitali kubwa ya mbali, ambaye tulimwona mara mbili tu. Kulikuwa na fundi wa kifaa, kijana mpole mwenye kompyuta. Kulikuwa na mtu wa lugha aliyehesabu maneno ya mtoto. Kulikuwa na dada mmoja aliyekaa na mke wangu jikoni akimuuliza kama analala vizuri na kama huwa analia. Na Mwalimu. Niliwauliza, watu wote hawa kwa sikio moja? Mwalimu akanifafanulia kwa maneno ya kwetu: daktari anaingiza ndani ya sikio waya mwembamba kama unywele, fundi anaupangia huo waya nguvu ya umeme, si kali si hafifu, lakini umeme haujui kuwa huu ni mlio wa mbuzi na huu ni mlio wa mama. Hilo mtoto anafundishwa siku kwa siku, nyumbani. "Na wao wote," akasema, "wanataka kujua ni nyumba ya namna gani inayofundisha vizuri. Ndio utafiti wenyewe."

Nilisikia hayo maneno. Nyumba ya namna gani. Nikajua ni yangu.

Bhoke akapasuliwa. Kilipopona kidonda wakamwekea kile cha nje: kipande nyuma ya sikio kama haragwe kubwa, na kitufe kinachokaa juu ya nywele, kinanata chenyewe kwa sumaku maana na ndani ya ngozi kuna sumaku. Wachimbaji walifurahi sana. Sisi tunatumia sumaku kutoa chuma kwenye mchanga mweusi kabla ya kuosha dhahabu, kwa hiyo kila aliyekuja dukani alikuwa na lake. "Bosi, niazime huyo mtoto nikapitishe kichwa kwenye karai langu." Bhoke alikuwa akiegemea geti, kitufe kinabaki getini, yeye anakwenda zake kimya. Tulikuwa tunakitafuta kwenye mageti, kwenye mabati, kwenye ndoo ya misumari.

Siku kilipowashwa, fundi alibonyeza kompyuta, Mwalimu akaweka daftari mdomoni, akasema, "Aaa." Bhoke akaacha kutafuna. Akashika kichwa. Akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, kisha akanyamaza ghafla, macho yamemtoka, kwa sababu alikuwa amejisikia mwenyewe analia. Mke wangu akatoka nje. Mimi nilibaki, nikamwangalia Mwalimu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye lile daftari na hakulishusha.

Hilo nalo nimelisema kwa sababu ni kweli.

Sasa mama yangu.

Mama yangu ni wa zamani. Masikio yake yalitobolewa akiwa msichana na kuvutwa kwa vipande vya miti mpaka ndewe zikaning'inia, kama walivyofanya wa rika lake. Alipoambiwa mjukuu atapasuliwa sikio hakushtuka. Alisema kwa Kikurya kwamba katika ukoo huu hakuna aliyepita bila kuchezewa masikio. Kiswahili chake ni cha sokoni, bei na salamu, basi. Ndiye aliyemlea Bhoke toka anyonyeshwe, kwa sababu mke wangu alikuwa dukani na mimi kwenye mashine. Na wale wawili walikuwa na lugha yao ya mikono. Hakuna aliyewafundisha. Walianza na ya kula na ya kulala, wakaongeza, wakaongeza, mpaka wakawa wanakaa kwenye ngozi ya ng'ombe wanasengenya watu. Nasema wanasengenya kwa sababu niliona. Alama yangu mimi ilikuwa kupiga tumbo mara mbili na kupandisha kidevu. Nilipopita wanafanya hivyo, halafu wanavunjika mbavu, mtoto wa miaka mitatu na kikongwe.

Mwalimu aliwaona wiki ya kwanza baada ya kifaa kuwashwa. Akamshika Bhoke viganja, taratibu, akaviweka mapajani. "Mikono chini." Akamgeukia mama yangu, akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akaniambia mimi nitafsiri: mtoto akipata anachotaka kwa mkono, sikio litalala. Watakaokaa naye waseme kwa mdomo tu. Tena lugha moja, Kiswahili, lugha ya shule, mpaka ikomae.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo mimi niseme naye kwa nini? Mikono hapana. Kikurya hapana."

Nikamtafsiria Mwalimu. Akasema, "Anaweza kumwimbia."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Hakumwimbia. Aliendelea na mikono, sasa kwa kujificha, nyuma ya zizi. Mara tatu Mwalimu akawakuta. Mara ya tatu aliniita pembeni, akashusha sauti. "Baba Bhoke, sitaki kukuingilia nyumbani kwako. Ila ukweli ni kwamba bibi akiwepo, sikio halifanyi kazi. Sheria ya sikio ndiyo hiyo. Uamuzi ni wako."

Nilimpakia mama yangu kwenye gari na godoro lake na ngozi yake, nikampeleka Kenyamonta kwa dada yangu aliyeolewa huko. Nilimwambia ni mwaka mmoja. Bhoke alikimbia nyuma ya gari akipiga tumbo kwa viganja vyote viwili, ananiita mimi nisimame, maana jina langu kwa mdomo alikuwa hajalijua. Nilimwona kwenye kioo, na sikusimama. Sheria ya sikio.

Mwaka ukawa miwili, mitatu, sita. Bhoke alisema "maji." Akasema "baba." Akasema "baba njoo uone." Akaingia shule ya kawaida, akawa wa nne darasani, na mimi nikawa natembea Nyamongo yote namsimamisha mbele za watu, nageuka nyuma yake, namwambia neno la kunong'ona, analirudia. Niliwaambia watu kuwa nyumba iliyofundisha vizuri kuliko zote ni ya mtu wa darasa la nne. Mwalimu, akiwepo, alikuwa anatazama chini. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kisha mradi ukamhamishia upande wa Serengeti, akakaa Mugumu. Aliagwa kwa beberu niliyemchinja mwenyewe.

Mwaka jana waliita wazazi wote wa mradi, wa Tarime na wa Serengeti, tukutane Mugumu. Nilikwenda na Bhoke, amevaa gauni jipya. Nikakaa karibu na baba mmoja mfugaji, mtu wa shati lililofifia, ana mtoto wa kiume wa rika la Bhoke, kifaa hicho hicho kichwani. Mtoto wake anaongea. Anaongea vizuri, sikufurahi. Lakini alikuwa akiongea na mikono inakwenda, na baba anajibu kwa mikono, na bibi mmoja amekaa nyuma yao anaingilia kwa mikono, wote wanacheka.

Nikamwambia kwa upole, maana nilijiona mimi ndiye nimeelimika, "Ndugu, hiyo mikono inalaza sikio."

"Aa wapi," akasema. "Sisi si ni kundi la mikono."

"Kundi gani?"

"Si kulikuwa na kura? Nusu ya familia wakaambiwa mikono itumike, na lugha ya nyumbani iendelee, nusu wakaambiwa mdomo tu, Kiswahili tu. Walitaka kuona ipi ni bora. Imo kwenye karatasi tuliyosaini, mura. Hukusomewa?"

Nilisomewa. Siku ile Mwalimu alikuja na karatasi nne zimebanwa kwa pini, akazisambaza kwenye meza yangu. Mke wangu ana kidato cha nne. Alinyoosha mkono aichukue aisome. Nikamwambia, mbele ya mgeni, "Acha, Mwalimu anasoma." Sikutaka mtafiti aone mwanaume wa nyumba anasomewa na mkewe. Mwalimu akasoma. Alisoma polepole, kwa sauti ya kupendeza, kidole kinafuata mstari, akafika mwisho, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

Niliporudi Nyamongo nilifungua kabati, nikatoa ile nakala, nikampa mke wangu. Safari hii nilikaa kimya. Akasoma karatasi ya kwanza, yote niliikumbuka. Ya pili, niliikumbuka. Ya tatu ikaanza, "Familia zitagawanywa katika makundi mawili kwa njia ya kura, na kila familia ina haki ya kukataa…" Akasimama hapo.

"Hii hakuisoma," nikasema.

"Hakuisoma," akasema mke wangu. "Ningeisoma mimi siku ile." Akaikunja, akaenda kupika. Hajarudia kunilaumu, na ningependa anilaumu.

Nimewahi kuibiwa na watu. Mshirika wangu wa kwanza alinikimbia na pampu, nikamcheka tu, nikanunua nyingine. Lakini huyu alijua mahali pangu palipo wazi. Alijua sisomi vizuri na najiona nasikia vizuri. Akaja kupitia hapo hapo.

Nilimfuata Mugumu siku za likizo ya shule, Bhoke yumo garini. Nilimkuta kwenye chumba chao cha mafunzo, kuna akina mama watano na watoto wao chini kwenye mkeka. Daftari halikuwepo. Mikono yake ilikuwa juu, inafanya kazi, vidole vyepesi kama vya mtu anayesuka ukili. Alikuwa anajua lugha ya alama toka zamani. Hivyo vidole havikuwa vya mtu aliyejifunza juzi. Aliponiona mlangoni mikono ikashuka yenyewe.

Tulisimama nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Sikumsalimia.

"Uliruka karatasi ya tatu," nikasema.

Hakuuliza karatasi gani. "Niliruka."

"Kwa nini?"

"Ungekataa, Baba Bhoke. Ningekusomea neno kura, ungesema mtoto wangu hapigiwi kura kama mbuzi wa harambee. Ungesimama, ungetufukuza. Na Bhoke asingepata sikio."

Kinachonichoma ni kwamba hayo ndiyo maneno ambayo ningesema. Hata mbuzi wa harambee angekuwemo.

"Sawa," nikasema. "Na sheria ya sikio?"

Akainama, akakaza bomba la tangi lililokuwa limefungwa tayari.

"Nakuuliza. Ile sheria uliyoniambia, mpaka nikampakia mama yangu na godoro."

"Wakati ule wengi wetu tuliamini hivyo."

"Wewe uliamini?"

"Nilikuwa sijui. Ndiyo maana ilipigwa kura. Ningekuambia sijui, usingefuata. Na nyumba isiyofuata inaharibu kazi ya wote."

"Na ulipojua?"

Hapo ndipo alipokosa pa kutazama. Kwenye familia zao, alisema, wale wa mikono hawakuchelewa kusema. Ile hofu waliyokuwa nayo, kwamba mikono italaza sikio, haikutokea. Alijua hivyo toka Bhoke yuko darasa la pili, alipokuwa bado anakaa kwangu. Alikuwa ananiona natembea nikijisifu barabarani.

"Miaka yote hiyo nilikuwa naweza kumrudisha mama yangu," nikamwambia.

"Nilikuwa naanza kukuambia," akasema. "Kila nikianza, wewe unamwita mtu aje amsikie Bhoke."

"Usinirudishie mimi."

"Sikurudishii. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa nimejiandaa kutaja wanasheria ninaowafahamu, na ninawafahamu. Mtu akikubali kosa mbele yako ukiwa umejaa hivyo, unabaki umesimama na mzigo. Nikamfungulia mlango wa gari. "Panda. Twende ukamwambie mama yangu mwenyewe."

Alipanda bila kuaga wale akina mama. Njia nzima aliyeongea ni Bhoke, kutoka kiti cha nyuma: habari za shule, za mwalimu wa hesabu, za mbwa wetu. Kila neno lilikuwa limenyooka, na kila neno alikuwa amelitengeneza yule mwanamke niliyekaa naye mbele bila kumtazama.

Kuna jambo sijalisema kuhusu mama yangu. Uzee umemwingia masikioni. Ilianza polepole, dada yangu alidhani ni ubishi. Sasa hivi ukisimama nyuma yake ukaita, hageuki. Ukipiga kelele sikioni anapata neno moja katika kumi, na anachoka, anakufukuza kwa mkono. Waganga wa hospitali walisema ni umri. Mle uwanjani kwa dada yangu anakaa katikati ya watu wanaoongea, anatazama midomo yao, kisha anatazama mtama wake.

Tulimkuta anapepeta. Bhoke akakimbia mbele, "Bibi! Bibi, shikamoo!" Kwa sauti nzuri, ya juu, Kiswahili safi. Mama akaona kivuli, akainua uso, akamjua. Akamtazama mdomo unavyochezacheza, akawa anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, kama mtu anayepungiwa na abiria asiyemfahamu. Akaweka ungo chini. Akafuta viganja kwenye kanga, akainua mikono, akaanza.

Ilikuwa ndefu. Vidole vilipinda kwa baridi yabisi lakini vilikwenda haraka, kifuani, hewani, kwenye shavu, kwenye ardhi, na mwishoni akacheka mwenyewe kwa alichokisema, akasubiri.

Bhoke akanigeukia. "Baba, bibi anasema nini?"

Sikujua. Mimi ni mwanawe na sikujua. Nikamtazama Mwalimu, maana yeye ndiye mwenye elimu ya mikono, na kwa kweli alijaribu. Akapiga magoti mbele ya mama yangu akainua mikono yake akasema kitu kwa alama zake za shule. Mama akazitazama kwa heshima, kama unavyotazama kitambaa kizuri usichoweza kununua. Si alama zake. Zake zilikuwa na watu wawili tu duniani, na mmoja tulimfunga mikono akiwa na miaka mitatu.

Akamtambua Mwalimu lakini. Akamshika mashavu. Akaelekeza kwenye kichwa cha Bhoke, kwenye kile kitufe, akaelekeza juu mbinguni, akambusu Mwalimu viganja vyote viwili, huku na huku. Anamshukuru. Mjukuu anasema, na aliyemsemesha ni huyu. Mwalimu akaanza kulia kwa sauti, akisema, "Mama nisamehe, mama nisamehe," na mama yangu anampangusa machozi, anadhani ni furaha.

Hapo nikasogea. Nilikuja Kenyamonta kwa kazi moja. Nikainama kwenye lile sikio lililoning'inia, nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa Kikurya: "Mama! Huyu ndiye aliyekutoa nyumbani kwangu!"

Kuku wakakimbia. Dada yangu akatoka jikoni. Bhoke, ambaye Kikurya hakijui, akashika sikio lake kwa maumivu.

Mama akanitazama mdomo kwa makini, akijitahidi, kama anavyojitahidi kwa kila mtu. Akatikisa kichwa, hapana, haijafika. Ningeweza kurudia. Nilifungua mdomo nirudie, nikamwona jinsi alivyokuwa akinitazama, mwanawe aliyekuja na gari, aliyempakia kwenye gari lile lile, na sikujua tena neno "huyu ndiye" lingemwangukia nani.

Kisha yeye akaelekeza kidole kwa Mwalimu, aliyekuwa amepiga magoti juani kwenye vumbi, na akaelekeza ndani ya nyumba, akanikunjia uso kama nilipokuwa mdogo.

Hiyo niliielewa. Nikaingia ndani, nikamletea mgeni kiti.